Machakos: Ukilala mjini utaona mengi

Mji wa Machakos, ulioko kilomita zipatazo 60 kusini mashariki mwa Nairobi, una historia ambayo wasafiri wengi huipita bila kuifahamu. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza wakati Nairobi ingali kinamasi ambamo Wamaasai walinywesha mifugo yao. Kampuni ya Imperial British East Africa ilijenga kituo chake hapa mwishoni mwa miaka ya 1880, katika njia ya misafara ya kwenda Uganda, na jina la mji likatokana na lile la Masaku, kiongozi wa Wakamba wa eneo hilo. Mnamo 1892 John Ainsworth alifika kukiongoza kituo hicho.

Kilichoinyima Machakos ukubwa ni reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, na ilipofika Nairobi mwaka 1899 ilikuwa imepitia nyanda za Athi, ikauacha mji nyuma ya vilima vyake. Mwaka uo huo Ainsworth alihamishia Nairobi makao ya utawala wa Ukambani. Wazee husimulia kuwa nabii Syokimau alikuwa ametabiri ujio wa nyoka mrefu kutoka baharini. Nyoka alikuja kweli, ila hakuingia Machakos.

Siku hizi wageni wengi hutoka Nairobi asubuhi, hupiga picha mahali pamoja na kurejea kabla ya jua kutua. Hiyo ni hasara kwao na kwa wenyeji pia, kwani mgeni wa namna hiyo haachi mjini zaidi ya bei ya soda. Nyumba za wageni za bei nafuu zipo katikati ya mji, na kutoka hapo karibu kila cha kutazamwa hufikiwa kwa miguu, kwa bodaboda au kwa matatu. Heri uchague chumba kilicho mbali na kituo cha magari na mabaa, la sivyo hutapata usingizi. Kabla ya kulipa, ulizia maji ya kuoga na uhakikishe blanketi ni nzito, kwa kuwa mji uko juu na usiku wa Julai una baridi kali. Chakula si tatizo: agiza muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa pamoja na maharagwe. Sokoni, vyondo vya mkonge vilivyofumwa na akina mama vingali vikiuzwa.

Utajiri mkubwa wa Machakos, hata hivyo, uko kwenye vilima vya Iveti vinavyouinamia mji. Ondoka mapema ukiwa na mwenyeji wa kukuonyesha njia, kisha ukifika juu tazama mashamba. Yamekatwa ngazi kwa ngazi kufuata mkunjo wa kilima. Katika miaka ya 1930 maafisa wa kikoloni waliliona eneo hili kama nchi iliyokwisha kufa, udongo wake ukichukuliwa na kila mvua. Lawama waliiweka juu ya ng'ombe, na mwaka 1938 serikali ikaanza kuwanyang'anya Wakamba mifugo na kuiuza kwa lazima. Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya watu hadi Nairobi kudai haki yao, nao wakapiga kambi huko kwa wiki kadhaa. Yeye alihamishiwa Lamu kama adhabu, lakini uuzaji huo ulisitishwa. Mtaa maarufu wa Nairobi una jina lake, ingawa wengi waupitao hawajui alidai nini.

Udongo wenyewe uliokolewa na wakulima, hasa wanawake waliolima kwa zamu katika vikundi viitwavyo mwethya. Walichimba mtaro kufuata usawa wa mteremko na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua ikisukuma udongo mwingine hadi kwenye tuta hilo, shamba hujisawazisha lenyewe baada ya miaka. Mbinu hiyo huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili sasa hutumiwa na wataalamu wa kilimo ulimwenguni. Kitabu cha watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki kilichotolewa mwaka 1994 kilionyesha kuwa tangu 1930 hadi 1990 idadi ya watu Machakos iliongezeka takriban mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua. Ni nadra mandhari ya kitalii kuwa kazi ya jembe.

Mahali pale pa picha ni Kyamwilu, kwenye kilima cha Kituluni, upande wa Mutituni. Hapo maji yakimwagwa barabarani huonekana kupanda mlima, na gari lililoachwa bila gia hujikokota juu. Ukweli ni kwamba barabara inateremka. Miinuko ya kandokando huficha upeo wa macho, na jicho likikosa kipimo cha usawa hudanganyika. Chukua pimamaji ya fundi uthibitishe. Kanada na India pia zina barabara za aina hiyo.

Bustani ya People's Park, iliyofunguliwa mwaka 2014 kando ya bwawa la Maruba, inafaa kwa jioni, hasa mkiwa na watoto.

Mwenye siku ya pili apande matatu ya barabara ya Kitui ashuke Wamunyu, kijiji cha wachongaji. Husimuliwa kuwa Mutisya Munge alijifunza uchongaji alipokuwa Tanganyika katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani. Mpingo umeadimika, hivyo wengi sasa huchonga mwarobaini na mwembe. Mnunulie mchongaji mwenyewe.

Kilimambogo, mlima wa mita 2,145 ulio ndani ya hifadhi ya Ol Donyo Sabuk, ni safari ya siku nzima kupitia Kangundo na Tala. Juu yake kuna kaburi la tajiri William Northrup McMillan aliyefariki mwaka 1925, na karibu nao Mto Athi unamwagika kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Nyati wangalipo mlimani, kwa hivyo usipande bila kuandamana na askari wa wanyamapori, na uhesabu muda wa kuwahi matatu ya kurudi.