Tusiilaumu nadharia ya sampuli

Kwa muda mrefu baadhi ya wapenzi wa santuri wameshikilia kwamba sauti inayopimwa kwa sampuli lazima ipoteze kilichomo baina ya vipimo. Hoja hiyo yavutia, lakini haina mashiko. Mwaka 1949 Claude Shannon, akijenga juu ya kazi ya Harry Nyquist ya 1928, alithibitisha kwamba wimbi lenye ukomo wa mitetemo hurejeshwa lote, mradi idadi ya vipimo kwa sekunde izidi maradufu ya ukomo huo. Ndiyo sababu CD hutumia vipimo 44,100 kwa sekunde: sikio la binadamu hukomea yapata mitetemo 20,000.

Neno zito hapo ni "mradi". Mwanafunzi wangu aliwarekodi wazee kwa vipimo 8,000 tu, kiwango cha simu ya kawaida. Mitetemo yote ipitayo 4,000 ikapotea, na humo ndimo "s" hujipambanua hasa na "f". Je, mzee alisema "alimsuta" au "alimfuta"? Hatujui, na mwenyewe ameshafariki.

Walimu wenzangu, nadharia haikukosea. Sisi tulipuuza sharti lake. Tupime ipasavyo wangali hai wasemaji.