Kunakili nyaraka za kale: Stendi na mwanga kabla ya kamera ghali

Familia nyingi za Kisii na Nyamira zimehifadhi historia ya ukoo na ushahidi wa shamba katika sanduku moja: vyeti vya ubatizo, hukumu za mabaraza ya zamani na mikataba ya kuuziana ardhi iliyoandikwa kwa mkono. Elimu ya kusoma na kuandika ilianza kuenea huko baada ya Wakatoliki kufungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911 na Waadventista kufika Nyanchwa mwaka 1912. Lakini unyevunyevu wa milimani na mchwa havibagui karatasi.

Anayetaka kupiga picha nyaraka hizo hana haja ya kamera ya bei ghali. Karatasi ya A4 ikinakiliwa kwa kiwango cha vitone 300 kwa kila inchi huhitaji takriban pikseli milioni 8.7. Kamera ya megapikseli 12, hata iliyokwisha kutumika, yatosha.

Fedha zielekezwe kwanza kwenye stendi imara. Kamera inapaswa kutazama chini, sambamba na karatasi. Ikiinama, maandishi ya upande mmoja hufifia. Kipima muda cha sekunde mbili huondoa mtikiso wa kidole. Lenzi ya makro ya milimita 50 au 60 inafaa zaidi kuliko lenzi pana, ambayo hupotosha kingo za ukurasa. Kwa sababu hiyo, mwenye simu asiikaribie karatasi mno.

La pili ni mwanga. Fleshi isitumike, kwani huacha doa jeupe juu ya maandishi. Taa mbili zinazofanana ziwekwe pande zote mbili, kila moja kwa pembe ya nyuzi 45. Pasipo na umeme, kivuli cha baraza mchana kinafaa. Rula iwekwe kando ya waraka ili kuonyesha ukubwa wake, na picha zihifadhiwe mahali pawili tofauti.

Hata hivyo, picha haichukui nafasi ya karatasi yenyewe. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu rekodi za kielektroniki mahakamani, lakini kinadai cheti kinachoeleza zilivyotengenezwa na kifaa kilichotumika. Basi tarehe na aina ya kamera ziandikwe siku ile ile, na waraka wa asili urudishwe sandukuni ukiwa mkavu. Siku mpaka wa shamba utakapobishaniwa, huo ndio utakaoulizwa kwanza.