Lame inabeba, amortisere inatuliza: namna ya kupunguza mitikisiko ya kamioneti ya kooperative

Katika gazeti letu tunazungumza mara nyingi juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mimea. Leo tuangalie kitu ambacho wengi wanakiachia shofere peke yake: sehemu ya nyuma ya kamioneti. Tomati inaweza kutoka shambani nzuri kabisa, ikafika sokoni imepondeka na kutoa maji. Mnunuzi hatauliza ulitumia mbolea gani. Ataangalia kreti ya chini, kisha atateremsha bei.

Tufanye hesabu ya mfano. Kamioneti inabeba kreti 30 za tomati, na kila safari kreti 3 zinaharibika. Kwa safari 2 kila juma, ni kreti 6 kwa juma, karibu 24 kwa mwezi. Ni kama kila mwezi tunapeleka gari karibu zima la tomati na kulimwaga njiani. Kila kooperative iweke bei yake ya soko katika hesabu hiyo, halafu ilinganishe na bei ya piesi tutakazotaja hapa chini.

Juu ya nini kamioneti inaruka sana nyuma?

Kamioneti nyingi tunazotumia, kama Toyota Hilux na Land Cruiser ya kubebea mizigo, zina lame nyuma: vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa pamoja kwenye ekseli. Zimetengenezwa kwa kubeba. Gari ikiwa tupu, lame ni ngumu kupita uzito ulio juu yake, kwa hiyo kila shimo linarusha nyuma ya gari. Ukiweka mzigo wa kiasi, lame zinainama vizuri na gari inatulia. Ukipitisha kiasi, zinalala kabisa, ekseli inagonga shasi, na mitikisiko inarudi mikali kuliko mwanzo.

Pembeni ya lame kuna amortisere. Wengi wanafikiri ndiyo inayobeba mzigo. Hapana. Lame inabeba, amortisere inatuliza. Ndani yake kuna mafuta yanayolazimishwa kupita katika matundu madogo. Nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto, na gari inaacha kuchezacheza. Ikiisha, lame inaendelea kupanda na kushuka baada ya kila shimo, na tomati zinasuguana kila mara.

Ndiyo sababu kununua lame mpya wakati ugonjwa uko kwenye amortisere ni kutupa feza za kese. Na kubadilisha amortisere wakati lame zimelala haitasaidia pia. Tuanze na vitu vya bei ndogo, kisha tupande.

Hatua ya 1: Vitu ambavyo havihitaji kununua

Mapine. Angalia presio kwa kipimo, usipige teke tu. Karatasi ya kiwanda, mara nyingi iliyobandikwa pembeni ya mlango wa shofere, inaonyesha presio ya gari tupu na ya gari yenye mzigo. Pine iliyojazwa kupita kiasi inakuwa ngumu kama mbao, na iliyo laini sana chini ya mzigo inapata moto na inaweza kupasuka.

Upangaji wa mzigo. Kitu kilicho nyuma ya ekseli, karibu na mlango wa boksi, ndicho kinachorushwa zaidi. Tomati na mayai viwe mbele, karibu na kabini. Magunia mazito yawe chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo. Kreti zifungwe zisicheze, na zisijazwe hadi juu, ili kreti ya juu ikae juu ya mbao za ile ya chini, siyo juu ya tomati.

Mwendo. Kwenye barabara yenye mawimbi kama bati la nyumba, mashofere wengine wanakimbiza gari ili ipite juu ya mawimbi. Shofere anasikia raha kidogo, lakini pine inagusa ardhi kidogo sana. Kwenye kona au wakati wa kufunga freni, gari inateleza.

Hatua ya 2: Kuangalia kilichochoka

Gari iwe imesimama mahali tambarare, freni ya mkono imefungwa, na mawe chini ya mapine. Fundi aangalie:

1. Lame. Je, kuna iliyovunjika au yenye ufa? Je, upande mmoja umelala kuliko mwingine? Je, zimejaa kutu na matope kiasi cha kushikana?
2. Mipira midogo iliyo kwenye macho ya lame, ile mafundi wanaita silembloki. Ikiisha, chuma kinagonga chuma, na utasikia kelele hata kwenye shimo dogo.
3. Vyuma viwili vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya lame. Lame ikiinama inakuwa ndefu zaidi, na vyuma hivyo vinaipa nafasi ya kusogea. Vikishikwa na kutu, lame haiwezi kufanya kazi.
4. Amortisere. Je, mafuta yanavuja? Je, mipira ya juu na chini imekatika?

Kuna njia nyingine ya kupima amortisere. Baada ya mwendo wa nusu saa kwenye barabara mbaya, simamisha gari na usogeze mkono karibu nazo, polepole, maana zinaweza kuunguza. Zinazofanya kazi zitakuwa na moto. Ile iliyobaki baridi wakati nyingine zina moto, imekufa.

Mara nyingi silembloki mpya, kusafisha kutu na amortisere mbili vinarudisha utulivu kwa kiasi, bila kugusa lame.

Hatua ya 3: Kununua piesi bora

Amortisere. Kwa barabara zetu, amortisere yenye gesi ni nzuri kuliko ya mafuta peke yake. Kwenye mitikisiko mirefu mafuta yanafanya povu, na povu haizuii kitu. Gesi inapunguza povu hilo. Badilisha mbili kwa pamoja, kushoto na kulia. Amortisere ya okazio inaweza kung'aa kwa rangi mpya na ndani iko tupu.

Lame. Hapa ndipo makosa makubwa yanafanyika. Gari ikilala, garaji inachukua lame nene ya lori na kuiongeza. Gari inanyanyuka kweli, na kila mtu anafurahi. Lakini mjue hesabu hii: lame yenye urefu na upana uleule, ikiwa na unene mara 2, inakuwa ngumu karibu mara 8. Lame moja kama hiyo inafanya gari tupu iruke kama mbuzi, na nguvu ambayo lame ilipaswa kuimeza inaenda kwenye shasi na mgongo wa shofere. Lame kadhaa nyembamba zinabeba pia, lakini zinainama kwa upole.

Viwanda vinavyotengeneza lame za kubadilisha, vingi vya Australia ambako wakulima wanatumia kamioneti hizihizi, vinauza seti tofauti kulingana na mzigo wa kawaida. Kabla ya kununua, kamati ijibu swali moja: kwa siku nyingi, gari yetu inabeba kilo ngapi? Tumieni mizani ya depo na muandike kila safari kwa mwezi mmoja. Msichague kwa ajili ya ile siku moja ya mavuno makubwa, maana siku nyingine zote gari itaruka.

Mifuko ya hewa. Ni mipira inayowekwa kati ya ekseli na shasi, unaongeza hewa wakati wa mzigo na kuipunguza wakati gari iko tupu. Ni dawa nzuri kwa gari inayokwenda tupu na kurudi imejaa. Lakini ina hatari yake. Lame inagawa uzito kwenye shasi mahali pawili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa unasukuma mahali pamoja tu, katikati. Ukiujaza sana huku mzigo mzito uko nyuma kabisa, shasi inaweza kukunjika hapo. Shasi iliyokunjika ni karibu mwisho wa gari.

Siku ya kufunga

Mwanamemba mmoja wa kamati awepo garajini na aangalie mambo haya:

- Buloni zenye umbo la U zinazofunga lame kwenye ekseli ziwe mpya. Za zamani zimeshavutika.
- Buloni za silembloki zikazwe mwisho wakati gari imesimama kwenye mapine yake, siyo ikiwa juu ya jeki. La sivyo mipira inabaki imejikunja na inakatika upesi.
- Baada ya kilometa 500 hivi, buloni zote zikazwe tena.
- Kamioneti nyingi, hasa za zamani, zina kifaa kinachopima urefu kati ya shasi na ekseli ili kujua mzigo na kugawa nguvu ya freni. Ukinyanyua nyuma ya gari, kifaa kinadhani gari iko tupu, na freni za nyuma zinapungua nguvu. Fundi akirekebishe siku hiyohiyo. Kwa anayeteremka Ngomo na mzigo, hili siyo jambo dogo.
- Mwanga wa taa za mbele upangwe upya.

Jambo la mwisho, na ni kubwa

Piesi hizi hazimpi mtu ruhusa ya kuongeza mzigo. Kiwanda kimepanga uzito kwa kuangalia shasi, ekseli, mapine na freni kwa pamoja. Kwa kamioneti nyingi za aina ya Hilux ni karibu tani moja, na watu wanaokaa juu ya magunia wanahesabiwa ndani yake. Gari yenye lame mpya hailali tena, kwa hiyo haionyeshi kama imechoka, lakini freni zake ni zilezile. Wanaopanda juu ya mzigo ni mama zetu na vijana wetu wanaokwenda sokoni.

Katika mkutano ujao, kamati imwite shofere na fundi, ichukue daftari ya safari, na kuuliza maswali matatu: tunabeba kilo ngapi, kreti ngapi zinaharibika, na ni nini kilichochoka nyuma ya gari? Mkishapata majibu hayo, mtajua cha kununua na cha kuacha.