Riba ya asilimia 12 yaweza kuwa ghali kuliko ya asilimia 16
Njia za kulipia gari jipya na gharama zake

MFANYABIASHARA anayetafuta gari jipya la kusambazia bidhaa mara nyingi huuliza swali moja tu: rejesho la kila mwezi ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la lazima, lakini halitoshi. Anayeliuliza peke yake anaweza kuchagua mkopo unaoonekana mwepesi, kumbe ndio ghali kuliko yote.

Chukulia mfano wa mwenye duka la jumla Kariakoo anayetaka gari la Sh milioni 30. Ana kianzio cha Sh milioni 6, hivyo anahitaji mkopo wa Sh milioni 24 wa kulipwa kwa miaka mitatu. Mkopeshaji wa kwanza anamtajia riba ya asilimia 16 kwa mwaka. Wa pili anamtajia asilimia 12. Wengi wangekimbilia kwa huyo wa pili bila kufikiri mara mbili.

Riba mbili, hesabu mbili

Tofauti iko katika namna riba inavyokokotolewa. Mkopeshaji wa kwanza anatoza riba inayopungua, yaani riba ya kila mwezi inakokotolewa kwenye deni lililobaki tu. Rejesho linakuwa kama Sh 843,800 kwa mwezi. Kwa miezi 36 jumla inafika karibu Sh milioni 30.38, na riba peke yake ni Sh milioni 6.38.

Mkopeshaji wa pili anatoza riba isiyopungua. Asilimia 12 inakokotolewa kwenye Sh milioni 24 zote kwa miaka yote mitatu, hata kama sehemu kubwa imekwishalipwa. Riba inakuwa Sh milioni 8.64 na rejesho kama Sh 906,700 kwa mwezi. Katika mwezi wa mwisho mteja anakuwa amebakiwa na deni la msingi la Sh 667,000 tu, lakini bado anatozwa riba ya Sh 240,000.

Kwa hiyo "asilimia 12" imemgharimu zaidi ya "asilimia 16" kwa Sh milioni 2.26. Ukiigeuza riba hiyo iwe ya kupungua, inazidi kidogo asilimia 21 kwa mwaka. Kwa kulinganisha, mwaka 2024 wastani wa riba za mikopo ya benki nchini ulikuwa kati ya asilimia 15 na 16.

Muda nao una bei yake. Mkopo ule ule wa asilimia 16 ukirefushwa kutoka miaka mitatu hadi mitano, rejesho linashuka hadi kama Sh 583,600. Mfuko wa mwezi unapata nafuu, lakini riba inapanda kutoka Sh milioni 6.38 hadi Sh milioni 11.02.

Gari ni la nani?

Mbali na riba, kila njia ina jibu lake kuhusu umiliki, na hapo ndipo mambo yanapoharibika biashara inapoyumba.

Fedha taslimu: Gari ni la mnunuzi siku hiyo hiyo na hakuna riba. Hata hivyo njia hii si ya bure. Sh milioni 30 zilizokuwa zikizunguka dukani zinasimama barabarani. Ikiwa mtaji huo ulikuwa ukizaa faida kubwa kuliko riba ya benki, mwenye duka amepoteza. Ikiwa ulikuwa umelala, amefanya vema.

Mkopo wa benki: Gari ni la mnunuzi, lakini benki kwa kawaida hushikilia kadi ya gari hadi deni liishe. Benki nyingine huomba dhamana ya ziada, ikiwamo hati ya nyumba. Hapo mwenye duka ajue kwamba hahatarishi gari peke yake.

Ununuzi wa awamu: Mnunuzi anaondoka na gari na kulipa kidogo kidogo, lakini umiliki unabaki kwa muuzaji hadi awamu ya mwisho. Madereva wa bajaji na bodaboda wanaujua mtindo huu kwa jina la "mkataba": dereva anapeleka hesabu kila wiki, na akimaliza chombo kinakuwa chake. Kwa kuwa mali si yake bado, kifungu cha kuchelewa malipo ndicho cha kusomwa kwanza.

Karadha: Kampuni ya karadha inanunua gari na kumkodisha mfanyabiashara kwa muda uliopangwa. Mwisho wa muda anaweza kulinunua ikiwa mkataba unaruhusu. Tanzania ilitunga sheria ya karadha mwaka 2008. Gari lenyewe ndiyo dhamana kuu, hivyo njia hii humfaa mwenye biashara nzuri asiye na nyumba ya kuweka rehani.

Murabaha: Kwa wasiotaka riba, benki zinazofuata sharia ya Kiislamu hununua gari na kumuuzia mteja kwa bei yenye faida inayotajwa waziwazi tangu mwanzo. Bei haipandi baadaye. Mteja aulize mapema kama atapunguziwa iwapo atamaliza deni kabla ya muda.

SACCOS: Mwanachama hukopeshwa kulingana na akiba yake, mara nyingi mara mbili au tatu. Masharti huwa mepesi, lakini wadhamini ni wanachama wenzake. Akishindwa, akiba zao ndizo zinazoguswa.

Gari lijilipe

Rejesho si gharama pekee. Kuna ada ya kuandaa mkopo, na wakopeshaji wengi hudai bima kubwa kila mwaka hadi deni liishe. Gharama hizi zijumlishwe kabla ya kulinganisha wakopeshaji.

Kisha ije hesabu ya kazi. Rejesho la Sh 843,800 likigawanywa kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya Sh 32,000 kwa siku, kabla ya mafuta, mshahara wa dereva, matairi na matengenezo. Ikiwa sasa mwenye duka anakodi gari kwa fedha pungufu ya jumla hiyo, kukodi bado kuna faida. Ikiwa anatumia zaidi, gari jipya linaweza kujilipa.

Kabla ya kusaini, mnunuzi anapaswa kupata majibu manne kwa maandishi: riba inapungua au haipungui, jumla ya fedha zote hadi mwisho ni kiasi gani, akilipa mapema anapunguziwa nini, na akichelewa, gari linachukuliwa baada ya muda gani na kwa utaratibu upi. Mkopeshaji anayekwepa swali la pili amekwishajibu la kutosha.