Jani Lililotobolewa na Wadudu

Hans Weiditz aliuchora mmea kama ulivyomfikia. Jani likiwa limetobolewa na wadudu, tundu lilibaki; ua likiwa limeanza kunyauka, nalo lilichorwa likiwa limeinama. Michoro yake ilichongwa kwenye mbao, ikachapishwa Strasbourg mwaka 1530 katika kitabu cha mitishamba cha Otto Brunfels.

Kwa karne nyingi kabla ya uchapaji, vitabu vya dawa Ulaya vilinakiliwa kwa mkono, na mchoraji aliiga mchoro wa mwenzake bila kwenda shambani. Nakala ya nakala ikazidi kupotoka, hadi msomaji akabaki na pambo lisiloweza kumtenganishia dawa na sumu. Ni kweli, mwaka 1503 Albrecht Dürer alishachora kwa rangi za maji bonge la magugu, kila unyasi na umbo lake. Lakini ile ilikuwa picha moja ya karatasi moja. Ubao wa Weiditz ulitoa nakala kwa nakala, na jani lilikuwa lilelile kwa kila aliyenunua kitabu.

Ajabu ni kwamba Brunfels mwenyewe alinung'unika. Alitaka mimea iliyotajwa na mabingwa wa kale wa Ugiriki na Roma, lakini mafundi wakachora hata ya porini isiyo na jina la Kilatini. Akaiita mimea uchi. Kwangu mimi, hiyo ndiyo inayokipa kitabu uzito wake: jicho la fundi lilikwisha kuona ambacho vitabu vya wazee havikuwa nacho.

Daktari Leonhart Fuchs alishika njia nyingine. Kitabu chake kilichotoka Basel mwaka 1542 kina michoro zaidi ya 500, na ndani yake jani bovu halikupewa nafasi. Alitaka mmea mzima, mizizi hadi maua na matunda, hata kama shambani havionekani siku moja, na akawazuia mafundi wasitie vivuli vya madaha. Kuna mmea mmoja wa jamii ya mnanaa uliobebeshwa maua meupe, ya manjano na ya zambarau kwa pamoja. Mkulima angecheka. Ila Fuchs hakuwa anachora mmea huu au ule. Alikuwa anachora aina.

Mahindi nayo yamo, yamechorwa vizuri kabisa, yakiitwa nafaka ya Kituruki, ilhali asili yake ni Amerika. Tusimcheke sana, sisi tunaoyaita kwa jina la Wahindi.

Mwishoni mwa kitabu Fuchs aliweka jambo lililokuwa nadra: picha za mafundi wenyewe, na majina yao. Albrecht Meyer ameshika brashi, macho kwenye ua lililo ndani ya chombo. Heinrich Füllmaurer anauhamishia mchoro kwenye ubao. Chini yao yupo Veit Rudolf Speckle, mchongaji.