Uhalisia Ulioongezwa: Jinsi Simu Inavyoweza Kumsaidia Mwanafunzi wa Lamu

Mwanafunzi wa historia anayefika Takwa, katika kisiwa cha Manda, hukuta msikiti wa Ijumaa wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, na magofu ya nyumba zilizohamwa katika karne ya 17. Mapaa hayapo tena. Teknolojia ya uhalisia ulioongezwa inaweza kumwonyesha yaliyopotea: akielekeza kamera ya simu ukutani, kioo kinaonyesha ukuta uleule, na juu yake paa na milango iliyochorwa kwa kompyuta.

Teknolojia hii si sawa na uhalisia pepe, ambapo mtu hufunikwa macho kwa miwani na kuona ulimwengu wa kompyuta pekee. Hapa mahali halisi hubaki. Programu hutambua eneo au alama inayoonwa na kamera, kisha huweka picha ambayo mtu anaweza kuizunguka na kuitazama kila upande.

Nchini Marekani, Chuo Kikuu cha Case Western Reserve kimetumia miwani ya HoloLens kufundisha wanafunzi wa udaktari viungo vya mwili. Hata hivyo, mwaka 2024 kampuni ya Microsoft iliacha kutengeneza miwani hiyo. Funzo ni kwamba chuo kisifunge masomo yake kwenye kifaa kimoja cha bei ghali. Simu nyingi za kisasa zinatosha kwa kuanzia.

Manufaa kwa wakazi wa visiwani ni dhahiri. Mwanafunzi wa uuguzi anaweza kutazama moyo ukipiga juu ya meza yake. Anayesomea ufundi wa mashine za boti anaweza kuona sehemu za ndani kabla ya kufungua hata skrubu moja. Lakini mkono hauzoei kazi kwa kutazama. Mazoezi wodini na karakana bado ni lazima.

Kazi kubwa iko kwenye maudhui. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town umepima magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kwa miale ya leza, na vipimo vya aina hiyo ndivyo msingi wa picha sahihi. Kwa Lamu, mji ulioingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, mafundi wa chokaa na boriti wana ujuzi ambao mchoraji wa kompyuta hana. Wasiposhirikishwa, mwanafunzi atafundishwa mji ambao haukuwapo.

Mambo ya kuzingatia:

• Uliza kama programu hufanya kazi bila mtandao, na uipakue kabla ya safari.
• Omba ruhusa kabla ya kuelekeza kamera kwa watu, nyumba au misikiti.
• Mwanafunzi asiye na simu asiachwe nyuma. Simu moja inaweza kutumiwa na kikundi.