Mwembe Uliogeuka Kilima

Kwenye kioo cha kompyuta mwembe haufanani na mwembe. Unafanana na kichuguu kilichoundwa kwa pembetatu, kimechomoza mita saba juu ya shamba ambalo kila aliyewahi kulikanyaga anajua ni tambarare. Kijana aliyekuwa akisanifu kipande kile cha barabara alishapitisha mhimili wake palepale katikati, na programu, bila ubishi, ikamfanyia hesabu ya kuchimba: mita za ujazo 300 na ushee. Mzee wa ofisi alipita nyuma yake na kikombe cha chai mkononi, akasimama.

"Unachimba nini hapo?"

"Kilima, mzee."

"Kilima wapi? Huo mwembe. Siku ya kwanza ya kupima tulikula chakula cha mchana chini yake."

Kijana akacheka kwa aibu, akaanza kufuta pointi moja moja. Nilikuwa nimefika pale, ofisi ya wahandisi washauri jijini Dar es Salaam, kuulizia bei za leseni za programu za kusanifu barabara tu. Lakini mwembe ule ulinieleza biashara hii vizuri kuliko orodha yoyote ya bei.

Programu haikukosea. Ilipewa pointi, kila moja na mahali pake na kimo chake, na kazi yake ni kuziunganisha tatu tatu mpaka ardhi yote ifunikwe na wavu wa pembetatu. Kanuni ya kuchagua zipi ziungane ni ya mwanahisabati Mrusi, Boris Delaunay, aliyeiandika mwaka 1934 bila kuwaza barabara. Mhandisi huongeza mistari ya kingo, yaani ukingo wa mtaro, mguu wa tuta, bega la barabara ya zamani, ili pembetatu zisiruke juu ya bonde kana kwamba halipo. Kisha anachora mhimili, anachagua kona na miteremko kwa kufuata mwongozo wa usanifu (Tanzania unaotajwa zaidi ni ule wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 2011), na programu inakata barabara vipande kila baada ya mita 20 au 25. Katika kila kipande inasema hapa utachimba kiasi hiki, hapa utajaza kiasi hiki. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa penseli, karatasi ya miraba na kifaa cha kupimia eneo, na watu walikesha wiki nzima. Sasa ukiuhamisha mhimili mita tatu kushoto, namba zote zinabadilika kabla hujanyanyua kidole.

Namba hizo ndizo fedha zenyewe. Chukua barabara ya kilomita 10 yenye upana wa mita 10, halafu jaalia uso wa ardhi uliomo kwenye kompyuta umepanda sentimita 30 kuliko ulivyo. Kosa la kiganja na nusu. Zidisha: ni mita za ujazo 30,000. Kwa lori linalobeba mita 15, hizo ni safari 2,000 za udongo ambao ama haupo, ama hakuna aliyeuwekea bajeti. Mkandarasi hulipwa kwa mita ya ujazo, na anayejua kupima upya kabla ya kuanza kuchimba hawezi kuiacha tofauti hiyo ilale.

Wazo la kuigeuza ardhi kuwa namba lina umri mkubwa kuliko wahandisi wengi wanaolitumia. Charles Miller wa chuo cha MIT, Marekani, ndiye aliyelisukuma katika miaka ya 1950, na mwaka 1958 yeye na mwenzake Laflamme walichapa makala iliyoipa kazi hiyo jina linalotumika mpaka leo. Waingereza wakafuata na programu ya MOSS, iliyotengenezwa na halmashauri za kaunti zao katika miaka ya 1970 na baadaye ikaitwa MX. Jina hilo bado linatamkwa kwa heshima na wahandisi wa Nairobi na Dar es Salaam waliokwisha kuota mvi. Kampuni ya Bentley iliinunua programu hiyo mwaka 2003. Autodesk nayo, iliyoanza mwaka 1982 na AutoCAD, iliinunua Softdesk mwaka 1997, na kutoka humo ikajengwa Civil 3D, ambayo leo ndiyo jina la kwanza utakalosikia ukiulizia programu ya barabara Kinondoni, Dar es Salaam, au Upper Hill, Nairobi. Afrika Kusini wana zao, Civil Designer na Model Maker. Wakandarasi wa Kichina huja na zao, HintCAD mojawapo, na ukipewa faili la humo bila mtu wa kukufungulia, umepewa fumbo.

Sasa bei. Mpaka miaka kumi iliyopita ulinunua leseni mara moja ikawa mali yako. Ilikuwa ghali, lakini hata miaka mitano baadaye, kazi zikikauka, kompyuta iliwaka na programu ikafunguka. Mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu, na sasa unakodi kwa mwezi au kwa mwaka. Kuanzia Agosti 2020 ikaanza pia kuondoa leseni za kuchangia kwenye mtandao wa ofisi, zile ambazo wahandisi watano walizitumia kwa zamu, mmoja akitoka mwingine anaingia. Leseni siku hizi ina jina la mtu. Kwa Civil 3D kiti kimoja, yaani leseni ya mtu mmoja, kinazidi dola 2,500 kwa mwaka. Bentley nao wana utaratibu wao wa kulipia matumizi, na mhasibu asiyeuelewa hushtukia ankara.

Kwa ofisi ya Ulaya hiyo ni gharama ya kawaida tu. Kwa ofisi ya washauri sita wa hapa ni kitu kingine, na sababu si ukubwa wa namba peke yake. Kodi ya programu inadaiwa kwa tarehe, kwa dola. Malipo ya kazi yanakuja kwa shilingi, na tarehe yake anaijua mlipaji. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Aliyeangukiwa na siku ya kulipa mwezi Januari alitoa shilingi 400,000 kwa kiti cha dola 2,500, na jirani yake aliyelipa Julai akatoa kama 325,000. Kazi ileile, programu ileile. Tanzania, tangu kanuni za Machi 2025, bei ya bidhaa na huduma za ndani haitangazwi tena kwa fedha za kigeni. Wakala anakuandikia shilingi, lakini yeye mwenyewe analipa nje kwa dola, kwa hiyo anaweka na chake cha kujikinga.

Matokeo yake kila mtu anayajua na hakuna anayependa kuyaandika: nakala za wizi. Zimejaa kwenye flashi, zinapita kutoka laptopu hadi laptopu tangu chuoni, ingawa mwanafunzi anaweza kupata leseni ya masomo bila malipo. Nadhani hapo ndipo mtego ulipo. Miaka minne kijana anafundishwa programu moja bure, anahitimu akiwa hajui nyingine, anaajiriwa na ofisi isiyoweza kulipia, na ofisi inaona ni rahisi kufumba macho kuliko kumfundisha upya. Wenye programu nao wanajua. Hawana haraka na mwanafunzi.

Kuna pia kifungo cha mafaili. Mteja akitaka michoro katika muundo wa AutoCAD, na mshauri anayekagua anatumia hiyohiyo, atakayetumia kitu kingine ndiye atakayejieleza. Tangu mwaka 2000 upo muundo wa pamoja, LandXML, wa kuhamisha nyuso za ardhi na mihimili kati ya programu. Unafanya kazi, lakini si kila kitu kinavuka salama. Mhimili unafika, kanuni zilizouzaa zinabaki nyuma, na mhandisi anajikuta ana picha ya usanifu badala ya usanifu.

Ndiyo maana nasema mwembe ulinieleza vizuri. Programu zote hizi, za kulipia na za wizi, zinakula chakula kimoja: vipimo vya ardhi. Na katika zabuni nyingi za usanifu upimaji ndio mstari wa kwanza kupunguzwa. Mtaalamu wa lami hapunguzwi, kiongozi wa timu hapunguzwi; kikosi cha wapimaji kilichopangwa wiki sita kinapewa tatu.

Wanaotaka njia ya mkato wana data za bure kutoka juu. Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani, Endeavour, kilizunguka dunia siku 11 kikipima vimo kwa rada, na leo mtu yeyote anaweza kupakua vimo hivyo kwa kila mita 30. Ni hazina kwelikweli kwa kuchagua njia: barabara ipite upande gani wa mlima, daraja likae wapi, bonde linakusanya maji ya eneo kiasi gani. Lakini usahihi uliokusudiwa wa kimo ulikuwa ndani ya mita 16, na rada ile kwenye msitu ilisoma zaidi majani kuliko ardhi. Mtu anayesanifu kalavati kwa data hizo anabahatisha kwa rangi nzuri.

Katikati pameingia ndege nyuki. Zanzibar ilianza kuchorwa kwa ndege hizo mwaka 2016, Unguja na Pemba, huku wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wakifundishwa kuzirusha. Tangu ilipotoka Phantom 4 RTK mwaka 2018, inayojua ilipo kwa sentimita, kikosi kidogo kinaweza kupima kwa siku moja ukanda ambao watu wa miguu wangeupima kwa wiki. Hiyo ni ukishapata vibali, maana Tanzania unapita kwa mamlaka ya usafiri wa anga na kwa upande wa ulinzi pia. Kwa picha, hata hivyo, ndege inaona kile jicho linachoona. Mwembe, paa la nyasi, shamba la mahindi ya Aprili, vyote ni "ardhi" mpaka mtu avifute. Miale ya leza hupenya kati ya majani na kugusa udongo, lakini kifaa chake kina bei ya gari.

Halafu kuna kosa lisiloonekana hata kwa jicho la mzee. Ramani nyingi za karatasi tulizorithi, za kipimo cha 1:50,000, zimefungwa kwenye mfumo wa Arc 1960. Vifaa vya setilaiti vinatumia WGS 84. Ukichanganya bila kubadilisha, barabara yako inahama kama mita 300, yaani inapita sebuleni kwa watu. Hilo angalau litashtukiwa. Kimo ndicho kinachodanganya kimyakimya: setilaiti inapima kutoka umbo la kihesabu la dunia, si kutoka usawa wa bahari, na katika pwani yetu tofauti ya viwili hivyo inazidi mita 20. Ofisi iliyofunga nusu ya kazi kwenye bikoni za zamani na nusu kwenye setilaiti hupata ngazi katikati ya barabara, na programu huichora ngazi hiyo vizuri kabisa.

Kwa hiyo nani anapata fedha? Kodi ya programu inakwenda California na Pennsylvania. Mikataba mikubwa ya usanifu, ile ya wafadhili, mara nyingi huongozwa na kampuni za nje zenye kujaza vigezo vya uzoefu. Kwa wenyeji linabaki lile lisilokodishwa kutoka ng'ambo: kuijua ardhi. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini Tanzania, peke yake inahudumia mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000, sehemu kubwa ya udongo na changarawe, na barabara hizo hazihitaji viti kumi vya programu ghali. Zinahitaji mtu aliyepima mtaro vizuri. Ofisi nilizoziona zikipumua zimefanya hesabu hiyo. Zina kiti kimoja au viwili vya kulipia kwa kazi ya mwisho, QGIS isiyolipiwa kwa ramani, na ndege nyuki yao wenyewe ambayo wiki zisizo na kazi inakodishwa kwa wengine pamoja na rubani.

Jioni ile kijana alipomaliza kufuta, kichuguu kikazama, mita 300 za kuchimba zikatoweka kwenye jedwali. Kwenye kona ya kioo ukajitokeza ujumbe kwamba leseni itaisha baada ya siku 11. Akaufunga bila kuusoma, kama mtu anayefukuza nzi. Mzee alikuwa ameshapiga simu kwa mpimaji: kesho warudi wapige pointi za pale chini, shinani. "Na mumuulize mwenye shamba unazaa kiasi gani," akaongeza. Mhimili ulikuwa bado unapita palepale, kwa hiyo mwembe ungekatwa, na uliokwisha kuondolewa kwenye ardhi ya kompyuta sasa ulikuwa unaandikwa kwenye jedwali la fidia.